Mdogo wangu hataki kujiandikisha kupiga kura

Dada, umesema mdogo wako wa miaka 19 ana kitambulisho tayari, lakini anadai kura yake moja haibadilishi kitu. Usimhubirie, mahubiri amechoka nayo. Muulize kwanza MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) wa wadi yenu ni nani, na ile barabara ya matope iliahidiwa mara ngapi. Huko kwenye wadi ndiko kura chache huamua. Hata urais wa 2022, Ruto alimpita Raila kwa kura kama 233,000 tu, Kenya nzima. Kisha msindikize, usimtume: ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge, kitambulisho chenyewe wala si nakala, alama za vidole, picha, basi. Achague kituo atakachokuwa karibu nacho siku ya uchaguzi mkuu, Agosti 2027, si lazima kijijini kwa nyanya.