Jibu: Nchi zikigombana, ufadhili wangu utapona?

Salama mdogo wangu. Umeuliza kama ugomvi wa serikali mbili unaweza kukukatiza masomo na wewe hujakosa lolote. Unaweza. Angalia kwanza nani anakulipia ada, viza baadaye. Agosti 2018 Saudi Arabia, ilipokasirishwa na kauli ya Kanada kuhusu wanaharakati waliokamatwa, iliwaamuru wanafunzi iliowafadhili waondoke huko. Kanada haikumfukuza mtu. Aliyewaita ni mfadhili wao mwenyewe. Madaktari waliokuwa mafunzoni wakaruhusiwa kubaki kwa muda, maana hospitali zilikuwa zinawategemea. Kwa wanafunzi wa China ikawa kinyume: Mei 2025 Marekani, nchi waliyokuwa wanasomea, ilitangaza itaanza kuwafutia viza baadhi yao, halafu Juni Trump akaitaja nafasi yao vyuoni ndani ya mapatano yaleyale ya biashara na China yaliyohusu madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku. Watoto wa watu na sumaku, mezani pamoja!

Mimi nilisoma kwa ufadhili wa serikali, posho ikakwama miezi minne. Kilichoniokoa ni matokeo yenye mhuri niliyokuwa nayachukua kila muhula. Chuo kingine kilinipokea bila kuanza upya. Chukua yako wiki hii. Kisha soma kipengele cha kusitishwa kwa ufadhili: nauli ya kurudi ni ya nani?