Dalali wa Majengo ya Biashara, Jifunze kwa Ma-DJ wa Bronx

Vijana wanaotaka kuingia kwenye udalali wa majengo ya biashara, yaani ofisi, maghala na fremu za maduka, huniuliza kwanza niwafundishe kuongea na wateja. Wamesikia hii ni kazi ya mdomo. Mimi huwapeleka kwenye hip-hop, muziki niliokua nao na ninaoupenda hadi leo, kwa sababu nayo watu huidhania kuwa kazi ya mdomo tu.

Tarehe 11 Agosti 1973, binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York. Alitaka hela ya nguo za kufungulia shule. Wasichana waliingia kwa senti 25, wavulana kwa senti 50. Aliyepiga santuri alikuwa kaka yake, Clive, ambaye dunia inamjua kama DJ Kool Herc. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop, na kwa kuwa mimi ni dalali siwezi kuipita bila kusema kwamba yote yalianza na mtu aliyekodi ukumbi.

Nguvu ya Herc ilikuwa macho yake. Aliona kwamba wachezaji hawachangamkii wimbo mzima. Wanasubiri kile kipande kifupi ambapo mwimbaji na vyombo vingine vinanyamaza, zinabaki ngoma peke yake. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, kipande kikiishia upande huu anakianzisha upande wa pili, na ngoma za sekunde chache zikawa za dakika nzima na zaidi. Maneno ya kughani yalikuja kukaa juu ya hizo ngoma. Kwanza kulikuwa na mtu aliyetazama watu wanacheza.

Ndivyo ninavyoonyesha jengo. Mteja wa ghala atakuambia anataka mita kadhaa za mraba kwa kodi nafuu. Msikilize, kisha mwache atembee na wewe unyamaze. Atasifia ofisi za mbele, lakini atarudi mara mbili kwenye mlango wa kupakilia, atapima kwa macho kama lori refu linaweza kugeuka uani. Kipande chake ndicho hicho. Jengo linalofuata, mwanzishie uani. Nilikuwa na mteja wa ofisi ambaye kila siku alizungumzia mandhari ya ghorofa za juu, lakini kila tulipofika mahali alihesabu lifti na kumwuliza mlinzi asubuhi watu wanasubiri kwa muda gani. Niliacha kumpeleka juu. Nikamtafutia ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye ngazi pana, akasaini. Alikuwa amezungushwa na madalali wengine kabla yangu, watu wanaoongea vizuri kweli, na wote walikuwa wamemsikia bila kumtazama.

Kuna jambo jingine la Herc ambalo nalirudia kwa kila anayefanya kazi nami. Alikuwa anazilowesha santuri zake na kubandua lebo ili wapinzani wasijue anapiga nini. Fikiria hilo vizuri. Santuri zilikuwa zinauzwa madukani, yeyote angeweza kununua. Siri ilikuwa kujua ni ipi, na kipande kiko wapi ndani yake. Sisi pia jengo letu limesimama barabarani, kila mpita njia analiona. Asichokiona ni nani yuko ghorofa ya tatu, mkataba wake unaisha lini, analipa kiasi gani kwa kila mita, na kama mkataba unampa haki ya kuongeza muda. Hakuna daftari moja la wote lenye habari hizi zote. Kila dalali hujaza lake, na dalali mwenye daftari tupu hana cha kuuza, hata awe na ulimi gani.

Kwa hiyo chagua mitaa michache, michache kweli, uijue hadi ndani. Ingia kila jengo usome ubao wa majina ya wapangaji pale mapokezi. Zungumza na msimamizi wa jengo, mlinzi, fundi wa lifti, na uwaheshimu, maana wao hujua nani anahama kabla ya mwenye jengo kujua. Andika siku hiyohiyo. Kampuni yenye ofisi kubwa ipigie simu mwaka mmoja na nusu kabla ya mkataba wake kuisha. Ukingoja mwezi wa mwisho utakuta imeshasaini, kwa sababu kutafuta, kujadiliana na kutengeneza ndani huchukua muda mrefu. Marapa walijitambulisha kwa mtaa wao kabla ya mji wao. Dalali anayejitangaza kwamba anafanya mji mzima, mimi humwomba aniambie habari za barabara moja tu, na mara nyingi hana.

Mdomo una siku yake pia. Mwaka 1981, katika ukumbi wa Harlem World, rapa Busy Bee alikuwa bingwa wa kuwaamsha watu na kuwaitikisha. Rapa mwenzake, Kool Moe Dee, alipopanda jukwaani alikuja na mistari iliyomlenga Busy Bee mwenyewe, mtindo wake, mazoea yake, kimoja baada ya kingine. Wengi wanaihesabu ile kuwa hatua iliyobadilisha mashindano ya marapa. Nasi tuna jukwaa kama hilo: mwenye jengo anaita kampuni tatu au nne za udalali siku moja, achague itakayopewa haki ya pekee ya kulipangisha jengo lake. Wanaoingia na picha za ofisi zao na miaka yao kazini wanafanya kazi ya Busy Bee, na yule mzee wa jengo ameshaisikia asubuhi nzima. Ingia na jengo lake. Mwambie jengo la jirani limepangisha kwa kodi gani na limekaa wazi miezi mingapi. Mwambie mlango wake wa nyuma unamfukuzia wapangaji wa aina fulani. Mpe orodha ya kampuni ambazo mikataba yao inakaribia kuisha, na utampigia nani kwanza. Kisha yafanyie mazoezi kwa sauti, usiku uliotangulia, hadi usihitaji karatasi.

Kuhusu kugawana, sitasema mengi. Kolabo hulipa, na kamisheni kugawanywa kati ya dalali wa mwenye jengo na dalali wa mpangaji ni jambo la kawaida. Ila mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwenzake bila ruhusa, na tangu hapo kampuni za muziki zikawa kali kudai ruhusa kabla wimbo haujatoka. Nawe andika nani kamleta mteja na mgawo ni upi kabla ya kuonyesha mlango wa kwanza. Mteja uliyeletewa na mwenzako ni wa mwenzako.

Kinachonigusa zaidi ni umiliki. Rapa Nipsey Hussle alitoa mikstepu, yaani mkusanyiko wa nyimbo zake, mwaka 2013 kwa nakala 1,000, kila moja dola 100, akibaki na haki za kazi yake. Duka lake la nguo lilikuwa kwenye plaza ya Slauson na Crenshaw, Los Angeles, mtaani kwao, na baadaye yeye na wenzake wakainunua plaza yenyewe. Aliuawa kwa kupigwa risasi nje ya duka hilo tarehe 31 Machi 2019. Madalali tunajua thamani ya kila jengo mtaani na wengi wetu tunastaafu bila hata kona moja. Siku utakapowasaidia wawekezaji kununua jengo, waombe sehemu ya kamisheni yako ibaki ndani kama hisa badala ya kuichukua taslimu. Wajulishe wahusika wa pande zote kwa maandishi, mapema, na mkataba wa ubia usomwe na mwanasheria wako wewe, siyo wao. Anza na jengo dogo, lililo ndani ya mitaa ile unayoijua.