Kabla hujafuta kila kitu kwenye kivinjari

Niliwahi kukaa saa mbili nikibonyeza "Tuma" kwenye fomu ya maombi ya kazi, kitufe kimenuna tu. Nikalaumu mtandao, nikazima kompyuta na kuiwasha. Mwishowe nikaifungua fomu ileile kwenye dirisha la faragha (incognito), ambalo halitumii faili zilizohifadhiwa awali, ikaenda papo hapo. Kumbe wenye tovuti walishabadilisha ukurasa, ila kivinjari changu kiling'ang'ania skripti ya zamani, yaani msimbo unaoendesha vitufe vya ukurasa.

Kivinjari huweka picha na faili za tovuti kwenye akiba (cache) ili ukirudi kisizipakue upya. Mara nyingi ni msaada. Siku ikichanganya la zamani na jipya, ndipo vitufe vinagoma na kurasa zinakaa upogo.

Kosa langu lilifuata baada ya hapo. Kwa hasira nikabonyeza Ctrl+Shift+Delete, nikatia tiki kila kisanduku, nikafuta. Fomu ikapona, lakini vidakuzi (cookies), vifaili vinavyokumbuka kuwa umeshaingia, vilikwenda na akaunti zote zikanitoa nje. Nywila nilizohifadhi humo nazo zikayeyuka, na kichwani nilikuwa nazo tatu tu. Barua pepe ikataka kunitumia msimbo kwenye laini niliyoiacha zamani!

Kwa hiyo anza na dogo: Ctrl+F5, au Command+Shift+R kwenye Chrome ya Mac. Hapo unapakua upya ukurasa huo mmoja tu. Ukurasa ukizidi kugoma, ndipo uende Ctrl+Shift+Delete, utie tiki kwenye picha na faili za akiba peke yake. Kipindi weka muda wote, maana faili inayokusumbua inaweza kuwa ya mwezi uliopita, na kufuta ya saa moja hakutaigusa. Vidakuzi na nywila usiviguse.

Kwenye simu ya Android, ukipitia mipangilio ya programu, angalia kidole chako. Kufuta akiba na kufuta data ni vitufe jirani, na hicho cha pili kinakirudisha kivinjari kama ndiyo kwanza umekisakinisha.

Wapo wanaofuta kila wiki eti kivinjari kiwe chepesi. Sikubaliani nao. Kila tovuti itapakuliwa upya, utasubiri zaidi na bando litaliwa, wakati akiba ikijaa kivinjari chenyewe hutupa faili za zamani. Mashine yangu ikiwa nzito, naanza kwa kufunga tabo. Juzi nilizikuta thelathini na moja.