Re: Chefchaouen kwa wikendi, inatosha?

Mambo mkuu, kwa hiyo unatua Tangier Ijumaa, Jumapili usiku uwe Fes, na hujui kama Chefchaouen, ule mji wa bluu wa Morocco, inaingia hapo katikati au utaishia barabarani tu. Inaingia. Cha kwanza cheki tiketi ya basi, maana treni haifiki kule kwenye milima ya Rif na mabasi yanajaa, mimi nilijifanya mjanja nikaenda stendi hivi hivi nikaishia kubanana kwenye teksi ya kuchangia, gunia la vitunguu miguuni. Kutoka Tangier hesabu kama masaa 3, kwenda Fes kama 4. Stendi iko chini, medina, yaani mji mkongwe, iko juu, begi la magurudumu litakutesa kwenye zile ngazi za bluu, beba la mgongoni. Jumamosi amka mapema kabla wapiga picha hawajajaa vichochoroni, pita Ras el-Maa uone maji yanavyotoka mlimani na watu wanavyofulia pale, jioni panda kwenye ule msikiti wa Kihispania, nusu saa hivi kwa miguu, mji wote unauona chini yako. Maporomoko ya Akchour achana nayo safari hii, yanakula siku nzima. Na sweta usisahau, usiku kule baridi haina utani.