Draiva ya nambari nasibu isilale usingizi wa pono

Kama kompyuta yako ya Linux inachelewa sana kuzima wai-fai, au unafunga kifuniko nayo haitaki kulala, angalia chanzo cha nambari nasibu (nambari zisizotabirika) kabla ya kulaumu mtandao. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya ath9k ya kadi za wai-fai za Atheros, kerneli (kiini cha mfumo) ikiwa imejengwa hivyo, huipa kerneli pia nambari nasibu kutoka kwenye chipu ya redio. Tatizo hili nimelifuatilia kwenye mashine za namna hiyo, na naona linaeleweka vibaya.

Anza na faili /sys/class/misc/hw_random/rng_current. Litakuambia ni chanzo gani kinachotumika. Kisha mashine ikiganda, tazama kwa ps mchakato ulio katika hali ya D (usingizi usiokatizwa) na usome faili lake la stack ndani ya /proc. Ukiona hwrng_unregister, yaani kazi ya kerneli inayoondoa chanzo cha nambari nasibu, umefika penyewe.

Kinachotokea ni hiki. Chipu isipotoa data, draiva hujaribu tena: mwanzoni inalala milisekunde 10, ikizidi kushindwa inalala sekunde 1, halafu 10. Wakati huohuo anayezima kadi anasubiri anayesoma nambari hizo amalize, huku akiwa ameshika kufuli la mtandao. Basi amri nyingine za mtandao nazo zinapanga foleni nyuma yake.

Wengi wakifika hapa hubadilisha msleep, amri ya kulala, kuwa msleep_interruptible, usingizi unaoweza kukatizwa, wakadhani kazi imeisha. Haijaisha. Usingizi huo hukatizwa na signali tu (taarifa inayotumwa kwa mchakato), na kthread_stop, amri ya kusimamisha thredi (uzi wa kazi) ya kerneli, mpaka mwaka 2022 haikuwa ikiweka hata alama ya signali. Iliamsha thredi, lakini ndani ya msleep_interruptible kuna kitanzi: kikiona hakuna signali na muda bado upo, kinarudi kulala. Kerneli za baadaye huweka alama hiyo, ila haimfikii msomaji asiye thredi ya kerneli. Kuweka kthread_should_stop (kuuliza kama thredi imeambiwa isimame) ndani ya draiva nako hakufai, kwa sababu anayesoma anaweza kuwa thredi ya kerneli inayoitwa hwrng, au programu ya kawaida iliyofungua /dev/hwrng. Programu hiyo haina kthread_stop inayoihusu.

Ninachoshauri ni kutumia hwrng_msleep, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2022. Inasubiri mambo matatu kwa pamoja: muda kuisha, signali kufika, au chanzo kuanza kuondolewa. hwrng_unregister ndiyo inayotoa taarifa hiyo ya mwisho, kwa hiyo wasomaji wote wanaolala wanaamka, wawe thredi au programu. Soma jibu lake kwa makini: sifuri maana yake muda umeisha, endelea kujaribu. Jibu lolote lisilo sifuri, liwe chanya au hasi, ni amri ya kutoka kwenye kitanzi. Nimeona watu wakipima hasi peke yake. Draiva yao inaendelea kuzunguka huku kifaa kinaondolewa.

Usiogope usingizi hadi ukaamua kuzungusha kitanzi bila kulala. Draiva ya bcm2835 ya Raspberry Pi ilikuwa ikizunguka na cpu_relax, yaani kusubiri bila kulala, na CPU ikashikwa mpaka kerneli ikalalamika. Ilipowekewa hwrng_msleep, kasi ya kusoma ikaporomoka kwenye Pi 0 hadi 3, kwani usingizi ulikuwa mrefu kuliko kifaa kilivyohitaji. Ndipo ikaja hwrng_yield, inayolala jifi moja tu (pigo moja la saa ya kerneli) na bado inakatizwa. Kwa kifaa cha haraka, chukua hiyo.

Jaribu kwa ukatili. Acha cat ikisoma /dev/hwrng, zima kiolesura, ondoa moduli. Kisha rudia bila msomaji yeyote ili thredi ya hwrng ibaki peke yake. Muhimu zaidi, jaribu chipu ikiwa haitoi data kabisa, maana ikiwa inatoa, draiva haifiki kwenye usingizi na utadhani umepona.

Na kama huandiki draiva, unataka laptopu ilale tu, weka kerneli mpya zaidi. Ukikwama na ya zamani, andika jina la chanzo kingine, kwa mfano cha TPM (chipu ya usalama), ndani ya rng_current.