Samaki wanakula vizuri lakini hawazai: tazama rangi ya maji

Ndugu yetu ameuliza kwa nini tilapia majike wa bwawa lake, nje kidogo ya Lubumbashi, hawajatoa vifaranga tangu Septemba, ilhali wanakula na hakuna aliyekufa. Ameongeza kwamba maji yamekuwa ya kijani kibichi na juu yake pana utando kama rangi ya kupaka ukutani. Mimi ningeanza na utando huo.

Ninafuga samaki upande wa mto Kafubu, na hali hiyo naiona karibu kila mwisho wa kiangazi, joto linapopanda na kijito kinapopungua, hasa kwa wanaomwaga mbolea ya kuku bila kipimo. Mara nyingi utando huo ni sianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, wa jamii ya Microcystis, ambao baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini. Tilapia anaweza kuwala na kuwameng'enya, kama ilivyothibitishwa katika Ziwa George nchini Uganda, na ndiyo maana wafugaji wengi hufurahia kijani chochote.

Tatizo ni kwamba sumu hiyo hushambulia ini, na ini la samaki jike lina kazi kubwa katika uzazi. Ubongo huiamsha tezi ya pituitari, tezi huchochea ovari, ovari hutoa homoni ya estradioli, na estradioli ndiyo inayoliamuru ini litengeneze vitelojenini, protini inayosafirishwa na damu hadi kwenye mayai ili iwe kiini chake. Homoni zenyewe pia huvurugika: katika majaribio ya maabara, samaki-pundamilia majike waliokaa siku 21 kwenye maji yenye mikrosistini walipandisha estradioli na vitelojenini kwa kipimo cha mikrogramu 10 kwa lita, lakini kwa mikrogramu 50 vyote viwili vilishuka. Kwa hiyo uzazi unaweza kuharibika muda mrefu kabla hujaona samaki aliyekufa.

Jaza maji hayo katika chupa angavu, uiache usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikielea chote juu, shuku sianobakteria. Angalia pia samaki alfajiri, kwa sababu wakihema juu ya maji basi oksijeni imepungua, na hilo peke yake huzuia kuzaa.

Simamisha mbolea kabisa, ondoa utando kwa chandarua cha matundu madogo, kisha badilisha maji kidogo kidogo. Kwangu vifaranga hurudi baada ya hapo, ingawa mvua za Novemba nazo husaidia. Ukishauriwa kutia sulfati ya shaba, nakusihi ukatae: seli zikipasuka kwa pamoja humwaga sumu yote majini, na shaba yenyewe huua samaki.

Kwa sasa usiwavue kwa ajili ya chakula. Sumu hiyo hujikusanya zaidi katika ini na utumbo kuliko katika nyama, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya bwawa hilo pia yasinyweshwe mbuzi wala kuku hadi utando uishe.