Data ikivuja huko klaudi, msala ni wenu

Mkuu umeuliza data za wanachama wa saccos yenu zikivuja klaudi (yaani kompyuta za kampuni nyingine mnazokodi kupitia mtandao) nani anabeba msala, nyie au mwenye seva. Aisee ni nyie. Cheki benki ya Capital One kule Marekani 2019, data zilikuwa kwenye seva za Amazon, fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi) ikasetiwa vibaya, mtu akapita akabeba taarifa za watu zaidi ya milioni 100, na faini ya dola milioni 80 mwaka 2020 ikaangukia benki sio Amazon. Kwahiyo leo leo kaeni na fundi wenu muangalie nani ana paswedi ya admin, na yule kijana aliyeacha kazi ila akaunti yake bado inafunguka (kila ofisi anaye huyo) mtoeni kwenye mfumo. Logi, yaani kumbukumbu za mfumo, msizizime kabisa, ndo zitasema nani kaingia saa ngapi.